Upande wa Pili wa Kinena: Historia ya Vigezo vya Matokeo katika Upasuaji wa Ngiri ya Watoto kwa Njia ya Matundu Madogo

1.0 Utangulizi

Ngiri ya kinena ni miongoni mwa sababu kuu zinazowafikisha watoto katika chumba cha upasuaji. Inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 1 na 5 ya watoto waliozaliwa baada ya kutimiza miezi yao huipata, na kiwango hicho hupanda sana kwa watoto njiti. Wavulana huathirika zaidi kuliko wasichana, na upande wa kulia huathirika zaidi kuliko wa kushoto. Isipotibiwa, utumbo unaweza kunasa ndani ya kifuko cha ngiri, damu ikashindwa kupita, na maisha ya mtoto yakawa hatarini.

Tangu miaka ya 1990 tiba ya maradhi haya imekuwa na njia mbili zinazoshindana. Ya kwanza ni upasuaji wa wazi, ambapo daktari hupasua sehemu ndogo ya kinena, hukitafuta kifuko cha ngiri na kukifunga. Ya pili ni upasuaji wa matundu madogo, ambapo kamera huingizwa tumboni, aghalabu kupitia kitovu, na mlango wa ngiri hufungwa huku daktari akiutazama kwa ndani. Tafiti nyingi za kitabibu zimezilinganisha njia hizi kwa kuuliza ni ipi yenye matokeo bora. Makala haya yanauliza swali la kihistoria linalolitangulia hilo: neno “matokeo” lilikuwa na maana gani katika kila kipindi, na ni nini kilichosababisha maana hiyo ibadilike?

Hoja kuu inayotetewa hapa ni kwamba upasuaji wa matundu madogo haukupata nafasi yake kwa kuushinda upasuaji wa wazi katika kipimo cha zamani, yaani kurejea kwa ngiri. Kwa sehemu kubwa uliipata kwa kukipa uzito mpya kipimo kingine, yaani hali ya upande wa pili wa kinena, ambao haukuwa na dalili yoyote. Kamera ilionyesha kwa urahisi kitu ambacho zamani hakikuonekana bila kisu, na kilichoonekana kikaanza kutibiwa. Mabadiliko hayo yana faida zake. Hata hivyo, yamezaa kundi la watoto wanaofungwa uzi karibu na mrija wa manii kwa sababu ya ngiri ambayo huenda wasingeipata maishani mwao.

1.1 Istilahi

Katika mazungumzo ya kawaida, maneno ngiri, mshipa na busha huchanganywa mara kwa mara, na neno ngiri peke yake hutumiwa hata kwa maumivu ya tumbo yasiyohusiana na kinena. Katika makala haya, ngiri ya kinena ina maana ya kiungo cha ndani ya tumbo, kwa kawaida utumbo, au ovari kwa msichana, kuteremka na kuingia katika mfereji wa kinena. Neno kijia limetumika kwa maana ya mfuko mwembamba wa utando wa tumbo unaotangulia mbele ya korodani zinaposhuka kabla ya mtoto kuzaliwa. Kwa kawaida kijia hiki huziba chenyewe. Kikibaki wazi, utumbo unaweza kupita humo ukawa ngiri, au maji yakapita yakawa ngirimaji. Jambo la msingi kwa mjadala unaofuata ni kwamba kijia kilicho wazi ni uwezekano wa ngiri, lakini si ngiri yenyewe.

2.0 Ngiri ya Mtoto Kabla ya Kamera

Upasuaji wa ngiri una historia ndefu. Celsus aliueleza huko Roma katika karne ya kwanza, na kwa karne nyingi zilizofuata wapasuaji wengi wa Ulaya waliitoa korodani pamoja na kifuko. Katika karne ya 18, kazi za Albrecht von Haller, Percivall Pott na John Hunter zilionyesha kuwa ngiri ya utotoni ina asili yake katika maumbile ya kabla ya kuzaliwa na inahusiana na kushuka kwa korodani. Maarifa hayo hayakubadilisha tiba mara moja, kwa kuwa bila dawa ya usingizi na bila njia za kuzuia usaha, kumpasua mtoto mchanga kulikuwa ni kumweka katika hatari kubwa kuliko ngiri yenyewe. Kwa hiyo watoto wengi walifungwa mikanda ya kubana kinena.

Mwaka 1887 Edoardo Bassini wa Padova, Italia, alitangaza njia yake ya kuimarisha ukuta wa nyuma wa mfereji wa kinena. Kwa watu wazima hayo yalikuwa mapinduzi. Kwa watoto yalileta mkanganyiko, kwa sababu baadhi ya wapasuaji waliihamishia njia hiyo kwa watoto bila kujiuliza kama ukuta wa mtoto ulikuwa dhaifu kweli. Tatizo la mtoto ni kijia kutoziba, wala si misuli kulegea. Mwaka 1899 Alexander Hugh Ferguson alihimiza mishipa na mrija wa manii visisumbuliwe, na mwaka 1912 A. M. Turner alionyesha kuwa kwa watoto wengi inatosha kukifunga kifuko kwa juu, karibu na mlango wake.

Huko Uskoti swali la matokeo lilichukua sura nyingine. Mwaka 1909 James Nicoll wa Glasgow alitoa taarifa ya operesheni 8,988 alizowafanyia watoto kama wagonjwa wa nje katika kipindi cha miaka 10, zikiwemo za ngiri. Kwa maoni yake, mtoto anayenyonya hapaswi kutenganishwa na mama yake, na nyumbani palifaa kuliko wodini. Gertrude Herzfeld wa Edinburgh aliuendeleza mwelekeo huo, na mwaka 1938 aliandika juu ya upasuaji rahisi wa ngiri za watoto wachanga wanaorudi nyumbani siku hiyohiyo. Ni muhimu kulibainisha jambo hili kwa sababu kurudi nyumbani mapema hutajwa leo kama tunda la teknolojia mpya, ilhali wapasuaji hawa walilifanikisha kwa kisu na uzi.

Mwaka 1950 Willis Potts, William Riker na Edwin Lewis wa Chicago walitoa hoja iliyokuja kuwa kanuni, kwamba ngiri ya mtoto inahitaji kifuko kutenganishwa na kufungwa juu kabisa, bila kushona misuli. Kuanzia hapo kipimo cha mafanikio kilikuwa wazi na chembamba: je, ngiri imerejea? Je, korodani imebaki salama? Ubora wa njia hiyo unaonekana katika tathmini ya miaka 35 iliyochapishwa mwaka 2006 na Sigmund Ein na wenzake wa Toronto, iliyohusu watoto 6,361. Ngiri ilirejea kwa asilimia 1.2, na korodani ilisinyaa kwa asilimia 0.3. Huu ndio msingi ambao njia yoyote mpya ililazimika kupimwa nao.

3.0 Upande wa Pili Unakuwa Swali

Kamera haikulianzisha swali la upande wa pili. Mwaka 1955 Rothenberg na Barnett walichapisha taarifa iliyopendekeza kwamba mtoto mwenye ngiri upande mmoja apasuliwe pande zote mbili. Sababu yao ilikuwa kwamba walipopasua upande usio na dalili, walikuta kifuko kwa wengi wa watoto, hasa walio chini ya mwaka mmoja. Pendekezo hilo lilienea haraka nchini Marekani, na kwa miaka mingi watoto walipata makovu mawili kwa ugonjwa uliokuwa umeonekana upande mmoja tu.

Mwaka 1969 Marc Rowe na wenzake walilichunguza suala hilo kwa makini zaidi. Walionyesha kuwa kijia cha upande wa pili huwa wazi kwa takriban asilimia 60 ya watoto wenye ngiri walio katika miezi ya mwanzo ya maisha, kisha kiwango hushuka hadi karibu asilimia 40 wanapokaribia umri wa miaka 2. Kwa maneno mengine, vijia vingi vilivyo wazi huendelea kuziba vyenyewe baada ya kuzaliwa. Mpasuaji aliyekuta kijia wazi kwa mtoto wa mwezi mmoja alikuwa ameikuta hatua ya ukuaji ambayo haijakamilika, na hakuwa na namna ya kujua kama ingekamilika au la.

Jibu la swali lililobaki, yaani ni watoto wangapi hupata ngiri ya upande wa pili baadaye, lilipatikana katika uchanganuzi wa pamoja wa tafiti uliochapishwa na Miltenburg na wenzake mwaka 1997. Kwa kuzijumlisha taarifa za watoto 15,310, walibaini kuwa ni asilimia 7 tu waliopata ngiri upande wa pili baada ya kutibiwa upande mmoja. Kwa mantiki hiyo, kuwapasua watoto wote pande zote mbili hakukuwa na utetezi. Kama historia ingeishia hapo, upande wa pili ungeachwa upumzike. Lakini wakati huo kamera ilikuwa imekwisha kuingia.

4.0 Kamera Inaingia Kinenani

Teknolojia ya kuchungulia tumboni ilitangulia matumizi yake kwa ngiri za watoto kwa miongo mingi. Georg Kelling aliionyesha kwa mbwa huko Ujerumani mwaka 1901, na Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm aliandika kuhusu binadamu mwaka 1910. Vifaa vya mwanzo vilitoa mwanga hafifu na vilikuwa vinene mno kwa mwili wa mtoto. Lenzi za Harold Hopkins ziliondoa kikwazo hicho, na mwaka 1971 Stephen Gans na George Berci wa Los Angeles walitoa taarifa ya matumizi ya vifaa vyembamba kwa watoto. Baada ya Erich Mühe kuondoa kibofu cha nyongo kwa njia hii mwaka 1985 nchini Ujerumani, na Philippe Mouret kufanya hivyo huko Lyon mwaka 1987, upasuaji wa matundu madogo ulienea katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani.

Kwa ngiri za watoto, kamera iliingia kwanza kama jicho, kabla haijawa njia ya tiba. Mwaka 1992 Thom Lobe na Kurt Schropp walieleza jinsi ya kuitumia kuuchungulia upande usio na dalili. Mabishano yaliyoanza mwaka 1955 yalionekana kupata suluhu, kwani sasa daktari angeweza kuuona upande wa pili bila kuupasua. Hatua iliyofuata ilikuwa ya kawaida kimantiki: ikiwa kamera iko tayari tumboni na inauona mlango wa ngiri, kwa nini mlango huo usifungwe kwa ndani?

Waanzilishi walianza na wasichana, ambao hawana mrija wa manii wa kuumizwa. El-Gohary aliandika kuhusu wasichana mwaka 1997, na Felix Schier wa Ujerumani mwaka 1998. Mwaka 1999 Philippe Montupet na Ciro Esposito walichapisha taarifa ya wavulana. Baadaye zilibuniwa njia za kupitisha uzi kwenye ngozi kwa sindano na kuuzungusha mlango wa ngiri huku kamera ikiongoza. Hiroo Takehara na wenzake wa Japani waliianza njia yao mwaka 1995 na kutoa taarifa yake kuu mwaka 2006. Michael Harrison wa San Francisco aliandika mwaka 2005, na Dariusz Patkowski wa Wrocław, Poland, mwaka 2006. Njia hizi zilipunguza matundu na kurahisisha kazi, kwa kuwa hazikuhitaji kushona ndani ya tumbo dogo la mtoto.

5.0 Matokeo Yalivyoripotiwa

Taarifa kubwa ya kwanza ilitolewa mwaka 2002 na Schier, Montupet na Esposito kutoka vituo vitatu, ikihusu operesheni 933 kwa watoto 666. Ngiri ilirejea kwa asilimia 3.4, ngirimaji ilitokea kwa asilimia 0.7, na korodani ilisinyaa kwa asilimia 0.2. Mwaka 2006 Schier aliripoti watoto wake 542 na kurejea kwa asilimia 4.1. Ukizilinganisha takwimu hizi na asilimia 1.2 ya Toronto, inaonekana kuwa katika kipimo kikongwe zaidi njia mpya ilikuwa bado nyuma. Njia za sindano zilibadilisha hali hiyo: Takehara na wenzake waliripoti operesheni 972 kwa watoto 711, na kurejea kwa asilimia 0.73.

Hata hivyo, takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Karibu zote ziliandikwa na wabunifu au watetezi wa njia husika, na wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hilo haliwafanyi kuwa waongo, bali linamkumbusha mtafiti kuwa mikono ya mbunifu si mikono ya kila daktari. Aidha, muda wa ufuatiliaji ulitofautiana sana. Katika taarifa ya mwaka 2002, baadhi ya watoto walifuatiliwa kwa miezi 2 tu na wengine kwa miaka 7. Mtoto wa miezi 2 baada ya upasuaji hajapata muda wa kutosha wa kuonyesha kama ngiri itarejea.

Majaribio yaliyowagawa watoto kwa bahati nasibu yalikuwa machache na madogo, na majibu yake hayakuwiana. Mwaka 2005 Chan na wenzake wa Hong Kong, kwa watoto 83, waliona maumivu kidogo zaidi katika kundi la matundu madogo. Mwaka 2009 Koivusalo na wenzake wa Helsinki, kwa watoto 89, waliona kinyume chake: kundi la matundu lilitumia muda mrefu zaidi chumbani na halikupona haraka zaidi, na maumivu yake hayakuwa madogo. Wote walifanya kazi kwa uaminifu. Tofauti yao inatokana na ukweli kwamba jeraha la upasuaji wa wazi kwa mtoto lilikuwa dogo tangu mwanzo. Kwa mtu mzima anayeondolewa kibofu cha nyongo, faida ya matundu inaonekana wazi, kwa kuwa yalichukua nafasi ya jeraha kubwa. Kwa mtoto, matundu yalichukua nafasi ya mkato wa sentimita chache kwenye mkunjo wa ngozi.

6.0 Kuonekana na Kuugua

Hivyo basi, hoja yenye nguvu zaidi ya watetezi wa njia mpya ikawa ni ile ya upande wa pili. Tafiti linganishi zilionyesha mara kwa mara kuwa watoto waliotibiwa kwa matundu madogo hupata ngiri ya upande wa pili kwa uchache. Matokeo haya ni ya kweli, lakini ni ya kweli kwa namna ya pekee: ngiri imepungua kwa sababu vijia vyote vilivyoonekana vikiwa wazi vilifungwa, vikiwemo vile ambavyo havingezaa ngiri kamwe.

Hesabu rahisi inasaidia kuona uzito wa jambo hili. Tuchukue watoto 100 wenye ngiri upande mmoja. Tukifuata kiwango cha Rowe, karibu 40 wana kijia wazi upande wa pili. Tukifuata kiwango cha Miltenburg, karibu 7 watapata ngiri huko. Takwimu hizi zimetoka katika makundi tofauti na zinategemea umri, kwa hiyo hazifai kuchukuliwa kama kipimo kamili. Pamoja na hayo, zinaonyesha uwiano. Ili kuwalinda watoto wasiozidi 7, watoto 40 hufungwa upande wa pili, na 33 kati yao hupata tiba isiyo na ugonjwa. Kwa kila mvulana kati ya hao, uzi umepitishwa jirani na mrija wa manii na mishipa ya damu ya korodani ya pili, yaani ile iliyokuwa salama. Athari zake, kama zipo, hazitajulikana utotoni. Zitajulikana atakapotaka kuwa baba, miaka 20 au zaidi baada ya taarifa ya ufuatiliaji kufungwa.

Upande mwingine wa hoja hii nao haupaswi kupuuzwa. Mtoto mmoja kati ya hao 7 ni mtoto halisi, anayehitaji kulazwa tena, dawa ya usingizi tena na safari nyingine. Kwa familia iliyo karibu na hospitali yenye daktari bingwa wa watoto, kusubiri na kuangalia ni jambo linalowezekana, kwani uvimbe ukionekana mtoto hurudishwa mapema. Kwa familia ya kijijini Afrika Mashariki, ambako hospitali yenye bingwa wa aina hiyo iko mbali, ngiri ya pili inaweza kugunduliwa ikiwa imekwisha kunasa. Hapa uamuzi wa kufunga kijia una maana tofauti na ule wa Helsinki au Hong Kong. Wakati huohuo, mahali hapohapo ndipo kamera, gesi na mafundi wa kuvitunza vifaa huwa adimu. Hali hii haifanani na ile ya watu wazima. Jaribio lililofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa wavu wa gharama nafuu unaweza kuchukua nafasi ya wavu wa kibiashara katika kutibu ngiri za wanaume. Mtoto hahitaji wavu wowote. Tiba ya Potts ya mwaka 1950 inahitaji uzi, dawa ya usingizi iliyo salama na mikono iliyofunzwa.

7.0 Kipimo Kinahamia Kwenye Usingizi

Katika miaka ya karibuni kipimo cha matokeo kimehama tena, safari hii kutoka kinenani kwenda kichwani. Wasiwasi kuhusu athari za dawa za usingizi kwa ubongo unaokua ulizaa jaribio la kimataifa la watoto wachanga 722 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri, wengine kwa usingizi wa dawa na wengine kwa ganzi ya sehemu wakiwa macho. Matokeo ya umri wa miaka 2, yaliyotolewa mwaka 2016, na ya miaka 5, yaliyotolewa mwaka 2019, hayakuonyesha tofauti ya ukuaji wa akili kwa usingizi usiozidi takriban saa moja. Matokeo hayo yanatuliza hofu, lakini yanatukumbusha pia kuwa upasuaji wa wazi unamwachia daktari chaguo la ganzi, wakati njia ya matundu, inayojaza gesi tumboni, kwa kawaida huhitaji usingizi kamili.

Kwa watoto njiti, jaribio lililochapishwa mwaka 2024 nchini Marekani, likihusu watoto 338, lilionyesha kuwa madhara makubwa yaliwapata asilimia 28 ya waliopangiwa upasuaji mapema na asilimia 18 ya waliopangiwa kusubiri. Ni muhimu kutambua kwamba swali la jaribio hili lilihusu wakati wa kupasua, bila kuuliza ni kwa njia gani. Baada ya miongo mitatu ya mabishano kuhusu matundu na mkato, mojawapo ya ushahidi ulio imara zaidi umetoka katika swali ambalo wabishani hawakulipa kipaumbele.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa historia ya matokeo ya upasuaji wa matundu madogo kwa ngiri za watoto ni historia ya vipimo vilivyobadilika. Mwaka 1909 Nicoll alipima ukaribu wa mtoto na mama. Mwaka 1950 Potts na wenzake walipima kurejea kwa ngiri. Kuanzia miaka ya 1990 kilipimwa kile kilichoonekana na kamera upande wa pili, na leo unapimwa ubongo na wakati. Kila kipimo kilikuwa na sababu yake, na hakuna kilichofuta kilichotangulia.

Kutokana na mjadala huu, mapendekezo mawili yanatolewa. Kwanza, tafiti zijazo zinazoripoti kupungua kwa ngiri ya upande wa pili zioneshe pia idadi ya vijia vilivyofungwa ili kupata upungufu huo, kwa sababu faida isiyotaja bei yake haijaripotiwa kikamilifu. Pili, watoto waliofungwa pande zote mbili wafuatiliwe hadi utu uzima. Mpaka hapo, mzazi anayeambiwa kuwa kijia cha upande wa pili kimeonekana wazi anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba mtoto wake ana uwezekano wa ngiri nyingine, na kwamba uwezekano huo unaweza kufungwa leo au kungojwa.